Moses Itauma Hajaona Raundi ya Saba

Usiku wa Agosti 16, 2025 tulikuwa tumebanana kwenye kibanda kimoja mtaani, watu kama kumi na watano mbele ya televisheni moja. Saa za Riyadh ni saa zetu, kwa hivyo hakuna aliyehitaji kupiga hesabu ya masaa, tulikesha tu. Jamaa aliyekaa kando yangu alikuwa ameagiza smokie pasua. Kabla kachumbari haijawekwa, Dillian Whyte alikuwa chini. Akainuka, miguu ikakataa, refa akamaliza kazi. Dakika moja na sekunde 59.

Kibanda kililipuka. Na kabla kelele hazijatulia, mtu akasema ile sentensi ambayo nimeisikia karibu kila wiki tangu siku hiyo: "Sasa wamletee Usyk!"

Mimi nasema hapana. Si kwa sababu Moses Itauma si mzuri. Ni mzuri kuliko hata mashabiki wake wanavyojua, na nitaeleza ni kwa nini. Lakini kuna tofauti kati ya bondia ambaye amejibu maswali yote na bondia ambaye hajaulizwa. Itauma, hadi mwisho wa 2025 mapambano 13, ushindi 13, KO 11, alikuwa bado hajaulizwa. Wanaotaka arushwe kwa Oleksandr Usyk leo hawampendi huyu kijana. Wanapenda video fupi za TikTok.

Tuanze na haki yake. Itauma alizaliwa Slovakia tarehe 28 Desemba 2004, baba Mnigeria, mama Mslovakia, akalelewa Chatham kule Kent, Uingereza. Mwaka 2022 alikuwa bingwa wa dunia wa vijana kwenye ndondi za ridhaa. Januari 2023 akaingia kwenye ndondi za kulipwa, na pambano lake la kwanza, dhidi ya Marcel Bode, likaisha kwa sekunde 23. Ni mashoto, yaani anasimama mguu wa kulia mbele na ngumi yake nzito ni ya kushoto.

Watu wengi wakimwangalia wanaona mikono. Ni kweli mikono ina kasi isiyo ya kawaida kwa uzani wa juu. Lakini hebu rudia pambano lolote lake na uangalie miguu tu. Mashoto akikutana na bondia wa kawaida, miguu yao ya mbele inagongana, na kila mmoja anataka wake uwe upande wa nje wa mguu wa mwenzake. Anayepata hiyo nafasi ndiye ngumi yake ya nyuma inapita katikati moja kwa moja, na yeye mwenyewe anakuwa mbali na ngumi nzito ya mpinzani. Itauma huipata nafasi hiyo bila haraka, kwa hatua ndogo ambayo hata kamera haiifuati. Hapigi kwanza halafu atafute miguu. Anaweka miguu, ndiyo mikono inafuata.

Pili, mkono wake wa kulia ni mwongo. Anautuma mbele nusu, anaurudisha, anaugusisha kwenye glovu ya mpinzani, anautuma tena. Mpinzani anauangalia. Akishaanza kuuangalia amekwisha, kwa sababu ule wa kushoto unakuja bila kutoa taarifa. Na akiinua mikono kukinga kichwa, Itauma anashuka mwilini. Mabondia wengi wachanga wenye ngumi nzito hawana subira ya kupiga mwili; wanataka kichwa kwa sababu kichwa ndicho kinachopigiwa makofi.

Tatu, akimwumiza mtu hachanganyikiwi. Ukiangalia vijana wengi wakinusa KO, wanarusha ngumi za mwituni, macho yamefungwa nusu. Huyu anapunguza mwendo kidogo, anachagua, anazungusha ngumi ya kulia pale ambapo glovu haipo. Huo ni utulivu ambao kocha hawezi kukupa kwa mwaka mmoja.

Kwa hivyo ufundi upo. Mtu akikuambia Itauma ni nguvu tu, muulize kama ameshaangalia pambano bila kushika simu.

Sasa twende kwenye ushindi wenyewe, maana hapa ndipo kelele zinaanza. Kuna kundi linasema amepiga wazee. Mariusz Wach alikuwa na miaka 44 walipokutana Julai 2024, akasimamishwa raundi ya pili. Mike Balogun, ambaye zamani alicheza futiboli ya Kimarekani, alikuwa na miaka 41 na hakuwa ameshindwa katika mapambano 21. Kule Glasgow mwezi wa Mei 2025, raundi mbili zikamtosha. Whyte alikuwa na miaka 37. Ukiwajumlisha hao watatu unapata miaka 122. Si uongo.

Lakini kundi hilo nalo linapenda mteremko. Wach huyo, akiwa kijana zaidi, alisimama raundi zote 12 na Wladimir Klitschko mwaka 2012. Demsey McKean wa Australia hakuwa mzee kihivyo, na mtu pekee aliyekuwa amemshinda ni Filip Hrgović, ambaye ilimbidi asubiri hadi raundi ya 12. Itauma alimmaliza McKean Desemba 2024 ndani ya raundi ya kwanza. Ukimpiga mzee unavyopaswa kumpiga mzee, yaani haraka na bila wewe kuguswa, huna kosa. Kosa lingekuwa kuhangaika naye.

Tatizo ni kile ushindi huo unachotuambia na kile usichotuambia. Unatuambia Itauma anaweza kuumiza mtu. Hautuambii lolote kuhusu Itauma akiumizwa. Mapambano yake mawili tu ndiyo yaliyofika mwisho, na yote yalikuwa ya raundi sita. Hiyo ina maana kwamba hadi ule usiku wa Whyte, hakuwa ameiona raundi ya saba katika maisha yake ya kulipwa. Hajui mapafu yake yanasemaje dakika ya ishirini na tano. Sisi pia hatujui. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo naongea kwa uzoefu: mtu anaweza kupasi kila CAT na bado asijue mtihani wa mwisho unafananaje.

"Lakini Tyson!" Naisikia hiyo hata kabla sijamaliza sentensi. Mike Tyson alikuwa bingwa wa dunia akiwa na miaka 20, na kwa muda mrefu watu walitaka Itauma avunje rekodi hiyo. Mei 2025 ikapita, umri ukapita, rekodi ikabaki pale pale. Wengine waliona kama ameibiwa kitu.

Hebu tuiangalie hiyo rekodi vizuri. Tyson alimpiga Trevor Berbick tarehe 22 Novemba 1986. Kabla ya usiku huo alikuwa ameshapigana mara 27. Na mwezi wa Mei mwaka huohuo, katika muda wa siku 17, alikwenda raundi 10 na James Tillis kisha raundi 10 na Mitch Green. Tillis hakuogopa. Alimpiga, akamzungusha, akamfundisha kwamba kuna watu hawaanguki. Kumbe hata Tyson, mtoto wa KO kuliko wote, alikuwa amekula raundi 20 za mateso ndani ya mwezi mmoja kabla ya kugusa taji. Wakati Itauma anavuka umri huo alikuwa na mapambano 11, na hana Tillis wala Green. Ukitaka kumfananisha na Tyson, basi mfananishe na hiyo Mei pia. Usichukue Novemba peke yake.

Na hii sinema tulishaiona, tena kwa promota huyohuyo, Frank Warren. Mwaka 2020 kulikuwa na kijana wa London anaitwa Daniel Dubois. Miaka 23, mapambano 15, KO 14. Kila mtu alisema ndiye. Novemba wakamweka na Joe Joyce, mtu mzito, wa polepole, ambaye alikuwa na kitu kimoja tu cha maana usiku ule: jabu. Jabu, jabu, jabu, kwenye jicho lilelile, hadi raundi ya 10 Dubois akapiga goti na kukaa pale hadi hesabu ikaisha. Mfupa wa kando ya jicho ulikuwa umevunjika. Na wale waliokuwa wakimwita bingwa ndio waliokuwa wa kwanza kumwita mwoga.

Dubois alirudi, sikatai. Septemba 2024 alimwangusha Anthony Joshua Wembley mbele ya umati mkubwa. Lakini ilimchukua karibu miaka minne, na kila mahojiano katika miaka hiyo yalianza na swali la lile goti. Hiyo ndiyo bei ya kuulizwa swali gumu ukiwa hujaandaliwa na maswali ya katikati.

Na kama Dubois ni mbali, nenda hapa jirani, Tanga. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo alikwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya pili, na Afrika Mashariki nzima tukawa wataalamu wa ndondi. Tulimvika mataji ambayo hajapigania. Septemba 2022 akarudi Uingereza, Liverpool, akakutana na Liam Smith, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Raundi ya nne ikaisha kila kitu. Siku iliyofuata tulikuwa tunamtengenezea vichekesho. Sisi tuliomwinua kwa ushindi mmoja ndio tuliomshusha kwa kipigo kimoja, na katikati hatukuwahi kumwangalia akifanya kazi.

Sasa mambo ya nafasi. Mwaka 2025 Itauma alikuwa nambari moja kwenye orodha ya WBO. Watu wanasoma hiyo "nambari moja" kama nafasi ya mtihani wa darasa, kwamba amewapita wengine wote. Siyo. Orodha za haya mashirikisho haziundwi kwa watu kupigana wao kwa wao. Mtu anapanda kwa kushinda mikanda midogo, kwa wengine kuondoka, kwa promota kujua njia. Unaweza kufika juu bila kumgusa hata mmoja wa waliokuwa mbele yako. Itauma hajampiga yeyote ambaye leo ungemwita mmoja wa kumi bora duniani. Whyte aliwahi kuwa pale, ndiyo. Aliwahi.

Linganisha na kilichotokea kando yake. Joseph Parker alifika kwenye mlango wa taji kwa kumpiga Deontay Wilder, kisha Zhilei Zhang, kisha Martin Bakole. Hiyo ni njia ya miguu. Halafu tarehe 25 Oktoba 2025, London, Fabio Wardley akamsimamisha Parker raundi ya 11. Mwezi uliofuata Usyk akauachia mshipi wa WBO, na Wardley akawa bingwa.

Wardley ni nani? Ni mtu ambaye hakuwa na maisha ya ridhaa kabisa. Alikuwa mfanyakazi wa ofisini, akaanzia kwenye yale mapambano ambayo watu wa ofisini hujifunza wiki kadhaa kisha wanapanda ulingoni jioni moja. Ukimweka kando ya Itauma kwa ufundi, ni aibu. Miguu yake haifuati kitabu chochote. Lakini Juni 2025, kwao Ipswich, Justis Huni alimzidi raundi baada ya raundi, kila mtu akijua amepoteza kwa pointi, na raundi ya 10 Wardley akamwangusha kwa ngumi moja ya kulia. Kisha akaja Parker, na tena akalazimika kupita mahali pagumu kabla ya kumaliza.

Kwa hivyo ukiniuliza Itauma yuko wapi katika uzani wa juu, nitakujibu hivi. Kwa kipaji, yuko nyuma ya Usyk peke yake. Kwa kazi iliyofanyika, yuko nyuma ya Wardley, nyuma ya Parker aliyepigwa, nyuma ya Dubois, na nyuma ya wengine ambao angewashinda kesho asubuhi. Majibu hayo mawili yote ni ya kweli. Shida ya mtaani ni kwamba watu wanataka jibu moja.

Na Usyk wenyewe wanaomtaka ni yupi? Wanaona mtu aliyekuwa na miaka 38 mwaka 2025, wanasema amezeeka, nafasi itapita. Huyu ni mshindi wa dhahabu ya Olimpiki ya London 2012, hajashindwa tangu aanze kulipwa, na Julai 2025 alimmaliza Dubois raundi ya tano pale Wembley. Lakini pambano la kuangalia ni lile la Riyadh, Mei 18, 2024, dhidi ya Tyson Fury. Katikati ya pambano Fury alikuwa anacheza naye, anampiga mwilini, anacheka. Mtu mwingine angepotea pale. Usyk alibaki, akabadilisha umbali, na raundi ya tisa Fury alikuwa anayumba kwenye kamba kama mlevi anayetafuta lango la ploti. Usyk hushinda kwa kukuuliza jambo lilelile kila raundi hadi jibu lako liishe. Usiku huohuo, ulingo uleule, Itauma naye alikuwa amepigana mapema. Kazi yake iliisha raundi ya pili. Nadhani hakuna mfano bora zaidi wa umbali uliopo kati yao.

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza: wakubwa wanamkwepa, kwa hivyo si kosa lake. Nakubali. Bondia kijana, mashoto, mwenye kasi, asiye na taji la kukulipa, ni hatari isiyo na faida. Ningekuwa meneja wa mtu mwingine ningemkwepa pia. Lakini kukwepwa na wa katikati si sababu ya kurukia wa juu. Mlango wa jirani ukifungwa huruki paa.

Jibu la pili ndilo linaloniudhi: "Wacha ajaribu, akipigwa atajifunza." Hii ni lugha ya mtu ambaye hatapigwa yeye. Wakenya hatuna ruhusa ya kuongea hivyo. Robert Wangila alituletea dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 alifariki kutokana na majeraha ya pambano Las Vegas. Sisemi kisa chake ni hiki cha Itauma. Wangila hakuwa mtoto aliyeharakishwa. Nasema tu kwamba katika mchezo huu "atajifunza" si ahadi. Na Itauma hahitaji kutafuta mbali. Kaka yake, Karol, naye bondia, hakuwa ameshindwa hadi Aprili 2023, ndipo Ezequiel Maderna wa Argentina akamwangusha raundi ya tano. Nyumba ile inajua usiku mmoja unaweza kubadilisha nini.

La tatu halisemwi kwa sauti: beti. Wasee wengi pale kibandani walikuwa wameweka pesa kwamba Whyte hatafika raundi ya tatu. Walikula, sawa. Lakini usichanganye tikiti yako na uchambuzi. Ukitaka Itauma apewe Usyk kwa sababu odi zitakuwa tamu, sema hivyo, usituambie ni mapenzi ya ndondi.

Basi afanye nini? Mpinzani wake aliyetangazwa mwaka 2025 ni Jermaine Franklin wa Marekani, mjini Manchester. Nimesikia watu wakilia kwamba ni jina dogo. Ni jina sahihi kabisa. Franklin alikwenda raundi 12 na Whyte mwaka 2022, akapoteza kwa majaji ambao hawakukubaliana. Miezi michache baadaye akaenda raundi 12 na Joshua. Hadi mwisho wa 2025 hakuwa amewahi kusimamishwa. Ana kidevu, ana mikono inayokaa juu, na haendi ulingoni kulala. Huyo ndiye Tillis. Na akipita hapo, aletewe mwingine wa aina hiyo, halafu mwingine, kisha ndipo Wardley na taji. Itachukua mwaka, labda mwaka na nusu. Alitimiza miaka 21 Desemba 2025. Haraka ni ya nani?

Siku hiyo nitakuwa palepale kibandani. Wenzangu watakuwa wanahesabu sekunde. Mimi nitaangalia mkono wake wa kulia ukianza kushuka kwa uchovu, kama utashuka. Nitaangalia anavyovuta hewa akirudi kwenye kona, na anachofanya ngumi ya kwanza nzito ikimwingia: atashika, atarudi nyuma, au atakasirika? Nitaangalia kama miguu ile mizuri bado inatafuta nje ya mguu wa mwenzake wakati mapaja yanawaka moto. Akimmaliza Franklin raundi ya kwanza, nitapiga makofi kama kila mtu, na kesho yake nitarudia maneno haya haya.

Lakini nikiwa mkweli, natamani Franklin asianguke upesi. Natamani kengele ya raundi ya saba ilie na wote wawili wawe wamesimama. Hapo nitamwambia jamaa wa smokie aweke simu chini.